Kuhamisha Nyumba Kuukuu ya Magurudumu Katika Barabara za Vilima



Katika shamba la makazi kuna haja ya nyumba ndogo ambayo haichukui miezi kujengwa. Mmoja anataka ghala ya mbolea, mwingine anataka mahali pa kupimia maziwa, na mwingine anataka chumba cha mlinzi. Kwa sababu hiyo wako wakulima wanaonunua nyumba kuukuu za magurudumu, yaani karavani, ambazo makandarasi wa barabara na wenye kambi za kazi huziuza zikiisha kazi. Bei yake huwa nafuu kuliko mbao na mabati mapya. Lakini kuinunua ni nusu ya shughuli. Nusu ya pili ni kuifikisha shambani bila kuua mtu.

Somo la mwezi huu ni juu ya nusu hiyo ya pili. Tuseme nyumba iko Mosocho, na shamba lako liko Nyansiongo, katika Borabu. Eneo hilo ni moja la yale yaliyogawiwa wakulima baada ya mwaka 1962, wakati wa Mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba makubwa ya Wazungu yalipokatwa vipande. Njia yako ni kutoka Mosocho mpaka mji wa Kisii, kisha Keroka, kisha Nyansiongo. Kwa kuwa Nyansiongo iko juu kuliko Mosocho, mtu aweza kudhani kwamba kazi yote ni kupanda. Sivyo. Barabara zetu hupanda kilima, zikateremka mpaka mtoni, zikapanda tena. Mzigo utakaoupandisha mara nyingi utauteremsha pia mara nyingi. Wazee walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Methali hiyo inafaa sana hapa.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani likagonga magari na watu waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya njia. Zaidi ya watu 50 walikufa. Angalia vizuri jambo hili: wengi wa waliokufa hawakuwa ndani ya lori hilo. Walikuwa kando ya barabara wakitafuta riziki.

Masoko yetu nayo yako kando ya barabara. Mama aliyepanga ndizi zake chini, kijana wa bodaboda anayengoja abiria, na mtoto anayetoka shuleni, wote wako kwenye njia ya mzigo wako ukikushinda. Kwa hiyo usiseme, "Nyumba ni yangu, na hasara ikiwapo ni yangu." Hasara haitakuwa yako peke yako.

HESABU YA MTEREMKO

Kwanza ujue nguvu unayoshindana nayo. Katika mteremko wa 1 kwa 10, yaani barabara inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10 unazokwenda, mzigo husukuma kwa nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Basi nyumba ya tani 3 itasukuma hivi:

Mteremko wa 1 kwa 20: nguvu ya kilo 150.
Mteremko wa 1 kwa 10: nguvu ya kilo 300.
Mteremko wa 1 kwa 8: nguvu ya kilo 375.

Kilo 300 ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 90. Hebu fikiri magunia hayo yanaisukuma trekta yako kutoka nyuma, bila kupumzika, tangu juu ya kilima mpaka darajani.

Mteremko waweza kuupima mwenyewe. Chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita 2 na pima maji ya fundi. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu. Inua ncha ya chini mpaka pima maji ionyeshe kwamba ubao umelala sawa. Kisha pima kutoka ardhini mpaka ncha hiyo uliyoinua. Ikiwa ni sentimita 10, mteremko ni 1 kwa 20. Ikiwa ni sentimita 20, ni 1 kwa 10. Ikiwa ni sentimita 25, ni 1 kwa 8. Fanya kazi hii ukingoni mwa barabara, na mwenzako asimame akiangalia magari.

Jambo la pili ni mwendo. Mzigo unaokwenda kilomita 20 kwa saa hauna nguvu mara mbili ya ule unaokwenda kilomita 10 kwa saa; una nguvu mara nne. Ukifika kilomita 30 kwa saa, nguvu ni mara tisa. Ndiyo sababu mzigo unaoshikwa kwa urahisi kileleni haushikiki tena katikati ya kilima. Usingoje uone unakimbia ndipo uanze kuushika.

Uzito wa nyumba usiukisie. Tafuta kibati kilichopigiliwa kwenye chesisi, maana mara nyingi kimeandikwa uzito. Kama hakipo, uipime kwenye mizani ya magari. Kumbuka kwamba nyumba kuukuu yaweza kuwa imeongezwa vitu: sakafu ya pili, rafu za chuma, hata saruji. Vitu hivyo havikuandikwa kwenye kibati.

JE, IKOKOTWE, IBEBWE, AU IBOMOLEWE?

Ziko njia tatu, nawe uchague kabla ya kulipa pesa za mwisho.

Njia ya kwanza ni kuikokota kwa magurudumu yake yenyewe. Njia hii inafaa ikiwa chesisi ni nzima, magurudumu ni mazuri, na nyumba yenyewe ina breki zinazofanya kazi. Kama nyumba ni ya tani kadhaa na haina breki zake, usiikokote katika vilima hivi. Breki za trekta peke yake zaweza kusimamisha trekta. Haziwezi kuaminiwa kushika trekta na nyumba pamoja.

Njia ya pili ni kuipakia juu ya lori la lobedi. Gharama ni kubwa zaidi, lakini breki zinazotumika ni za lori, na matairi kuukuu ya nyumba hayafanyi kazi. Lakini uangalie urefu wa kwenda juu. Nyumba ikipandishwa juu ya lori inakaribia nyaya na matawi, nayo huyumba zaidi kwenye kona.

Njia ya tatu ni kuibomoa. Ondoa mabati, mbao, milango na madirisha, uvipakie kwenye lori la kawaida, na chesisi uichukue peke yake au umwuzie fundi wa vyuma. Watu wengi hawapendi njia hii kwa sababu huona kama wameharibu mali. Lakini ikiwa mbao za chini zimeoza, nyumba hiyo itajibomoa yenyewe njiani, tena mbele ya watu. Afadhali kuibomoa Mosocho kwa nyundo na spana kuliko kuokota vipande vyake kwenye mtaro wa Keroka.

Fanya hesabu ya njia zote tatu kwa shilingi. Usisahau kuhesabu kodi ya trekta, mafuta, malipo ya wasaidizi, matairi mapya, na kibali.

KUIKAGUA NYUMBA

Nyumba iliyokaa miaka mingi mahali pamoja ina mambo mengi yaliyojificha. Kwanza fyeka majani pande zote, na upige chini yake kwa mti mrefu kabla ya kuingiza mkono. Nyoka na nyuki hupenda mahali kama hapo.

Chesisi. Paruza kutu kwa brashi ya waya, kisha gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa, au nyundo huzama. Angalia zaidi mahali ambapo mkono wa kuvutia umeungana na chesisi. Ufa mdogo kama unywele mahali hapo ni sababu ya kusimamisha safari mpaka fundi stadi wa kuchomelea aushughulikie.

Springi. Hesabu majani ya springi kila upande. Jani likiwa limekatika, nyumba italala upande mmoja, na kwenye kona italala zaidi.

Matairi. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limekufa kwa uzee. Tafuta tarakimu nne za tarehe pembeni mwa tairi. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 2314 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi lililopita miaka 10 usilitegemee, hata kama halijatembea. Tairi lililopasukapasuka pembeni usilitumie, hata kama umri wake ni mdogo. Chukua na tairi la akiba linaloingia kwenye bolti hizo hizo.

Beringi. Inua gurudumu kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Lizungushe usikilize, likikwaruza kama linasaga mchanga, lifunguliwe. Nyumba iliyokaa miaka lazima beringi zake zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa grisi mpya kabla ya safari. Jambo hili ni rahisi kwa fundi, nalo huokoa gurudumu lisichomoke njiani.

Breki. Zifunguliwe, zioshwe, zirekebishwe, na zijaribiwe mahali tambarare. Kokota nyumba polepole, kisha shika breki za nyumba. Kama magurudumu yote hayashiki sawasawa, bado hujawa tayari.

Mwili wa nyumba. Choma mbao za chini kwa bisibisi. Zikiingilika kama mkate, zimeoza. Pigilia mbao za mshazari ndani, kutoka pembe hadi pembe, ili kuta zisiyumbe. Pigilia upya mabati yaliyolegea, ondoa bomba la moshi, funga madirisha, na fungia mlango kwa kamba au waya. Komeo peke yake haitoshi.

Na neno hili tulirudie mara mbili: usilale chini ya nyumba iliyoinuliwa kwa jeki tu. Weka magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa msalaba chini ya chesisi, nyumba ikae juu ya magogo hayo, ndipo mtu aingie. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kushikilia.

VITU VYA NDANI

Nyumba isafiri tupu. Usiseme kwamba kwa kuwa inakwenda shambani basi ibebe na magunia ya mbolea, vitanda, mtungi wa gesi na kuku. Kila kilo unayoongeza itakusukuma kwenye mteremko. Na mtu yeyote asipande ndani, hata kwa hatua chache, hata mvua ikinyesha. Watoto wa jirani watapenda kuingia. Mlango ufungwe kabla hawajafikiri.

Kama kuna kitu kizito kisichoondoka, mfano meza ya chuma, na nyumba ina magurudumu mawili tu ya katikati, kiwekwe chini sakafuni, mbele kidogo ya ekseli. Uzito unaolalia kiungo cha kuvutia uwe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Mzigo ukiwa nyuma, mkono wa kuvutia huinuka, na nyumba huanza kuyumba kama mkia wa ng'ombe. Nyumba yenye magurudumu manne, ambayo ya mbele yanageuka pamoja na mkono wa kuvutia, hailalii kiungo namna hiyo. Lakini nayo ni ngumu kuirudisha nyuma, basi usiingie mahali ambapo huwezi kutoka kwa kwenda mbele.

KUIFUNGA KWENYE TREKTA AU LORI

Kitu kinachovuta kiwe kizito kuliko kinachovutwa. Pikapu ndogo haifai kabisa, hata kama injini yake ni ya nguvu.

Ukitumia trekta, funga kwenye mhimili wa chini wa kuvutia, ulio chini ya ekseli ya nyuma. Kamwe usifunge kwenye mkono wa juu wa katikati. Ukifunga juu, trekta ikipanda kilima huinua magurudumu ya mbele, nayo yaweza kupinduka kinyumenyume na kumlalia dereva kabla hajapata nafasi ya kuruka. Weka vyuma vya uzito mbele ya trekta. Kanyagio mbili za breki za trekta zifungwe pamoja kwa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ili magurudumu ya kushoto na ya kulia yashikwe wakati mmoja. Breki ya upande mmoja ni ya shambani wakati wa kulima; barabarani humgeuza dereva.

Pini ya kuunganisha iwe ya chuma kigumu na ya unene unaolingana na tundu, tena iwe na kipini cha kuzuia isiruke. Kipande cha nondo ya kujengea si pini.

Funga na minyororo miwili ya usalama, iliyopishana kama msalaba chini ya mkono wa kuvutia. Pini ikitoka, mkono utaangukia kwenye minyororo usichimbe barabara. Minyororo iwe na urefu wa kutosha kugeuka kona, lakini isiburute chini.

Taa za nyuma za nyumba zifanye kazi. Bandika viakisi vyekundu nyuma, na uwe na pembetatu za kuweka barabarani ukisimama.

KIBALI NA KARATASI

Nyumba ya magurudumu ikiwa barabarani ni trela, na trela nchini Kenya ina namba yake inayoanza kwa herufi Z. Uliza habari za namba na ukaguzi katika ofisi ya NTSA. Ikiwa nyumba ni pana au ndefu au ya juu kupita kipimo cha kawaida, inahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Peleka vipimo vya kweli: upana, urefu, kwenda juu, na uzito. Hakikisha pia kwamba bima ya trekta au lori inakubali kuvuta trela, na kwamba leseni ya dereva inamruhusu.

Wako wanaosema kwamba usiku hakuna askari wa barabarani, kwa hiyo usiku ni bora. Shauri hilo ni la hatari sana. Usiku huoni ukingo wa barabara, na mwenye bodaboda haoni ukuta mweusi unaokwenda polepole mbele yake.

KUIPITIA NJIA KABLA YA SAFARI

Siku moja au mbili kabla, pita njia yote pamoja na dereva mwenyewe. Chukua daftari, mwandike kila jambo: kilima kikali, kona, daraja jembamba, kalvati iliyobomoka, tuta la kupunguza mwendo, ukingo laini, na waya ulioning'inia. Andika pia mahali ambapo mwaweza kusimama salama ili magari yaliyo nyuma yapite.

Kuhusu waya wa umeme, shika neno hili. Usiinue waya kwa mti, wala mwanzi, wala kwa fimbo ya fagio. Mti mbichi au uliolowa hupitisha umeme. Ukiona waya uko chini ya kimo cha nyumba yako, nenda kwa Kenya Power kabla ya siku ya safari.

Chagua siku isiyo ya soko katika miji utakayopita. Chagua pia majira. Nchi ya Gusii hupata mvua nyingi, hasa kuanzia Machi mpaka Mei, na tena kuanzia Septemba mpaka Novemba. Na mara nyingi mvua hunyesha mchana baada ya adhuhuri. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Anza saa moja asubuhi, kukiwa kumepambazuka vizuri na barabara kavu, ili uwe umefika kabla ya mawingu. Kama usiku ulinyesha, ahirisha. Nyumba iliyongoja miaka yaweza kungoja siku mbili tena.

SIKU YA SAFARI

Kazi igawanywe. Dereva ni mmoja, na neno lake la kusimama ni la mwisho. Tanboi wawili wawe na kabari mbili za mbao ngumu, kila moja ikiwa na kamba ya kuivutia. Gari dogo moja litangulie na bendera nyekundu, na jingine lifuate nyuma. Patana ishara za mikono, maana sauti haisikiki juu ya injini.

Wakati wa kuitoa nyumba ilipozama, usiivute kwa kustukiza. Chimba mbele ya magurudumu, utandike mbao, ndipo uvute taratibu. Watu wote wakae mbali na mnyororo uliokazwa. Ukikatika hurudi kama mjeledi.

Baada ya kilomita 5 simama mahali tambarare. Kaza nati za magurudumu upya. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa cha moto hata huwezi kukigusa, beringi au breki ina ubaya, usiendelee. Rudia ukaguzi huu mjini Kisii, na tena Keroka.

Kupanda. Chagua gia ya chini kabla ya kuanza kilima, upande nayo mpaka juu. Kubadili gia katikati ya kilima ni kuupa mzigo nafasi ya kurudi nyuma. Tanboi watembee pembeni, upande wa juu wa barabara, tayari kuweka kabari. Wasitembee nyuma ya nyumba, wala kati ya trekta na nyumba.

Mkilazimika kusimama na kabari zikatumika, ziondolewe mkianza tena. Na kama mlitumia mawe, yaondolewe barabarani yote. Jiwe lililoachwa mchana humwua mwenye pikipiki usiku.

Kushuka. Simama kileleni kwanza. Jaribu breki. Ingiza gia ambayo ungeitumia kupanda kilima hicho hicho, au ya chini zaidi. Ukiisha kuanza kushuka, usikanyage klachi wala usitoe gia. Dereva anayeteremka bila gia ili kuokoa mafuta anaokoa shilingi chache na kuuza roho yake.

Injini ndiyo ishike mwendo, breki ziwe za kusaidia. Kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo upungue, kisha achilia zipoe. Usiweke mguu juu yake kilima kizima. Breki zikipata moto sana huacha kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pa kufaa, weka kabari, ungoje. Usimwage maji baridi juu yake. Chuma cha moto chaweza kupasuka.

Kwenye kona, punguza mwendo kabla ya kuingia. Breki za ghafula ndani ya kona hufanya nyumba iisukume trekta kwa upande, vikakunjana kama kisu cha kukunja. Kaa mbali na ukingo wa nje, maana ukingo wetu ni udongo uliojazwa, nao hukatika chini ya gurudumu. Gurudumu moja likizama sentimita chache, paa la nyumba hulala zaidi ya hapo.

IKIWA MAMBO YAMEHARIBIKA

Mzigo ukianza kushinda, dereva apige honi bila kuacha, awashe taa, abaki katika gia, na aelekeze upande wa juu wa barabara, ule wenye ukuta wa udongo, akisugua ukuta huo mpaka asimame. Hasara ya mabati ni bora kuliko kuendelea mpaka sokoni. Tanboi wasijaribu kutupa mawe mbele ya magurudumu yanayokimbia, wala kushika nyumba kwa mikono. Kazi yao wakati huo ni kupiga kelele ili watu waondoke.

Nyumba ikianguka, kwanza hesabu watu. Kisha weka pembetatu pande zote mbili, uzuie watu wasikaribie, na uite polisi kwa namba 999 au 112. Usikubali umati uinue nyumba kwa mabega.

UKIFIKA SHAMBANI

Usiiegeshe kwenye mteremko hata kidogo. Sawazisha mahali, uchimbe mtaro wa maji upande wa juu, uweke magogo chini ya chesisi, na uondoe uzito kwenye magurudumu. Kabari zibaki. Siku ambayo mtoto wako atakuja kucheza chini yake, nyumba hiyo isiwe bado ni gari.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu bila kutazama juu, kisha ulinganishe.

1. Nyumba ya tani 2 iko kwenye mteremko wa 1 kwa 8. Inasukuma kwa nguvu gani? Jibu: karibu kilo 250.

2. Umepima kwa ubao wa mita 2 ukapata sentimita 16. Huo ni mteremko gani? Jibu: 1 kwa 12 na nusu.

3. Tairi limeandikwa 4009. Lilitengenezwa lini, na linafaa safari? Jibu: juma la 40 la mwaka 2009. Halifai, limepita miaka 10.

4. Nyumba ni ya tani 3, nzuri kwa macho, lakini breki zake zimeng'olewa. Dereva asema trekta yake ni kubwa. Utamjibuje? Jibu: ukubwa wa trekta utatosha kuipandisha, hautoshi kuiteremsha. Nyumba itiwe breki, ibebwe kwa lobedi, au ibomolewe.

5. Kwa nini usifunge mzigo kwenye mkono wa juu wa trekta? Jibu: trekta yaweza kuinuka mbele na kupinduka juu ya dereva.

6. Mko kileleni, saa nane mchana, mawingu yamekusanyika, na bado kuna kilima kimoja cha kushuka. Mtafanya nini? Jibu: mtaegesha mahali tambarare palipo salama nje ya barabara, mtaweka kabari na viakisi, mmoja wenu alinde, na mtashuka kesho barabara ikiwa kavu.

Mkulima aliyejibu vizuri swali la nne na la sita amelielewa somo. Hayo mengine fundi na dereva wanaweza kukusaidia. Lakini kukataa safari mbaya ni kazi ya mwenye mali mwenyewe.